VIDONGE VYA DAMU NA HOFU YA NYAPARA



Vyama vyetu vinapokaa mezani na wenye mashamba, neno la kwanza huwa mshahara, na la pili huwa mshahara vilevile. Si vibaya. Lakini liko jambo moja ambalo tumezoea kuwaachia Wizara ya Afya na wakunga, kana kwamba halituhusu, nalo ni vitamini za mama mfanyakazi tangu wiki za kwanza za mimba yake. Mimi nasema hilo ni jambo la mkataba, kama zilivyo saa za kazi.

Mtoto aliye tumboni hana ghala lake. Kila anachojengewa mwili hukipata katika damu ya mama kwa njia ya kondo la nyuma, na damu hiyo yenyewe hubidi iongezeke kwa karibu nusu kabla mimba haijakomaa. Mama akiwa na upungufu, wote wawili hupungukiwa. Vitamini iitwayo foleti, ambayo kwenye kidonge hujulikana kama asidi ya foliki, ndiyo inayowezesha chembe za mwili kugawanyika na kuongezeka. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, na usipojifunga sawasawa mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mwaka 1991 utafiti ulioendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha kuwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, wakipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na mwanzoni mwake, hatari ya kumpata mwingine ilipungua kwa asilimia 72. Ndugu msomaji, zihesabu tena siku hizo 28. Wanawake wengi siku hizo zinapokwisha hawajajua hata kama wana mimba.

Tena yafaa tukumbuke ni nani waliotufikisha kwenye ujuzi huu. Mwaka 1928 daktari mmoja Mwingereza, mwanamke, jina lake Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wanawake wa viwanda vya nguo walipatwa na upungufu mkubwa wa damu wakiwa na mimba. Wengine waliona ni ugonjwa wa kuambukiza. Yeye alitazama sahani zao. Akagundua kwamba Marmite, kitu cha bei nafuu cha kupaka kwenye mkate kinachotengenezwa kwa hamira, kiliwaponya, na habari hiyo akaichapisha mwaka 1931. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wataalamu walikipata kitu chenyewe katika majani ya spinachi, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kwa hiyo elimu hii ilianzia kwa wafanyakazi wa kike waliolipwa kidogo na kula vibaya, wala hatuna haja ya kuona haya kuidai kuwa yetu.

Karibu na kwetu, Dar es Salaam, ulifanywa utafiti ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2007. Wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI waligawanywa mafungu mawili. Wote walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, lakini fungu moja likaongezewa vitamini za kundi B, pamoja na C na E. Katika fungu lililoongezewa, watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya kilo 2 na nusu walikuwa asilimia 7.8, na katika fungu la pili asilimia 9.4. Waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 10.7 dhidi ya 13.6. Nisitie chumvi: vitamini hizo hazikuonekana kupunguza watoto njiti, wala mimba zilizoharibika. Kidonge husaidia mtoto kukua; hakifanyi miujiza. Lakini aliyewahi kumlea mtoto wa kilo mbili anajua gramu chache zina thamani gani.

Sasa tuje kwenye mashamba yetu ya chai, kule Kabarole na Bushenyi na kwingineko hapa Uganda. Mchumaji analipwa kwa kilo za majani anayoyafikisha kwenye mizani. Wengi ni vibarua, na kibarua anaweza kuambiwa kesho asirudi, bila barua wala maelezo. Mwanamke wa namna hii akijiona na mimba hufanya nini? Huificha. Hufunga kitenge vizuri, hubeba kikapu kama jana, na kumwepuka nyapara. Kwenda kliniki mapema ni kujitangaza, hasa pale ambapo zahanati ni ya mwajiri huyo huyo. Basi huenda mwezi wa tano au wa sita, tumbo linapokuwa limekwisha kujisema lenyewe, na hapo ndipo anapopewa kwa mara ya kwanza vile vidonge vya kuongeza damu. Huyu mama si mjinga, wala hakukosa mafundisho. Alikuwa akilinda kazi yake.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane, na kila siku apate miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki miligramu 0.4. Maneno mazuri. Lakini kwa anayelipwa kwa kilo, mara nane ni siku nane bila ujira. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na hilo tulilipigania kwa haki. Hata hivyo likizo huja wakati mtoto amekwisha kuumbika. Ile miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye hesabu kubwa, mama huipitisha mgongo ukiwa na kikapu.

Na anakula nini? Posho na maharage, akibahatika. Neno posho, kwa asili, ni mgao anaopewa mfanyakazi na mwajiri wake. Hapa Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe, na hilo peke yake laeleza historia ya mashamba. Unga mweupe uliokobolewa umepoteza ganda na kiini, na humo ndimo zilimokuwa vitamini nyingi za kundi B. Kanuni za mwaka 2011 zinawataka wenye vinu vikubwa waongeze virutubisho kwenye unga wa mahindi, lakini kinu kidogo cha kijijini hakimo. Mwajiri anayenunua unga kwa magunia anaweza kuchagua ule ulioongezewa. Mara nyingi hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Wako wenzetu watakaosema basi tugawe vidonge, yaishe. Wafikirie habari za Keneba, nchini Gambia. Huko watoto wanaozaliwa msimu wa mvua ni wepesi, kwa kuwa ndio msimu ambao akina mama hulima kwa nguvu na ghala ni tupu. Walipopewa biskuti za karanga kila siku, kama ilivyoelezwa mwaka 1997, uzito wa watoto wa msimu huo uliongezeka kwa wastani wa gramu 201, na wa msimu wa mavuno kwa gramu 94. Penye kazi nzito na njaa ndipo chakula kilipofanya kazi zaidi. Kidonge juu ya tumbo tupu na kikapu kizito si jibu.

Kwa hiyo mkataba ujao uandikwe wazi kwamba mama akitangaza mimba hapunguzwi wala haachi kuitwa kazini, hata akiwa kibarua. Kwamba siku ya kliniki italipwa kwa wastani wa kilo zake. Kwamba atahamishiwa kazi nyepesi, kama kitaluni, kwa ujira uleule. Na kwamba unga wa jikoni la shamba utakuwa ule ulioongezewa virutubisho. Mwajiri atalia gharama. Aonyeshe hesabu zake, nasi tutaonyesha zetu.

Wawakilishi mashambani wanaweza kuanza leo bila kungoja saini. Waelezeni akina mama wasimeze vidonge vya damu kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na sisi tunaishi ndani ya chai. Pia waangalie vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5: vikitumiwa pamoja na Fansidar ya kukinga malaria hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kile cha miligramu 0.4 hakina tatizo hilo. Mkunga wa zahanati ataeleza, ikiwa mama anaweza kumfikia kabla ya mwezi wa tano.