Betri ya Kalipa Haichaguliwi kwa Macho

Katika maabara nyingi za shule, kalipa yenye kioo cha tarakimu imewekwa kando ya kalipa ya vernia ya zamani, na aghalabu ile mpya ndiyo inayolala kabatini. Betri yake, iliyo mfano wa kifungo cha koti, ilikwisha. Ikatiwa nyingine iliyoenea barabara katika tundu lake. Baada ya muda mfupi tarakimu zikaanza kumemeta. Ndipo ikahukumiwa kwamba chombo ni kibovu. Hukumu hiyo haina msingi wa kisayansi, nayo huzigharimu shule fedha zisizokuwa nazo.

Kosa ni kuchagua betri kwa ukubwa wake. LR44 na SR44 zote zina kipenyo cha milimita 11.6 na kimo cha milimita 5.4, na zote zina zinki upande wa hasi. Tofauti imo upande wa chanya: LR44, ambayo ni ya alkali, ina dioksidi ya manganizi, SR44 ina oksidi ya fedha. Ya kwanza hutoa volti 1.5, ya pili 1.55. Lakini si hizo sehemu tano za mia zinazoleta taabu. Volti ya betri ya alkali hushuka kidogo kidogo tangu siku za mwanzo, ambapo ile ya fedha hukaa karibu pale pale mpaka mwisho, kisha huanguka ghafla. Saketi ya kalipa haifanyi kazi chini ya kiwango fulani cha volti. Kwa hiyo LR44 hutupwa ingali na nguvu ambayo chombo hakiwezi kuitumia. Muuzaji asemaye kwamba "ni zile zile" asema kweli kuhusu tundu tu. Hata PR44, betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, huenea humo. Nayo huvuta oksijeni hewani, na ikisha kubanduliwa karatasi yake hujimaliza katika majuma machache, itumike isitumike.

Liko jambo jingine lisiloelezwa dukani. Kalipa nyingi za bei rahisi hazizimiki: swichi huzima kioo, saketi huendelea kufuatilia mahali pa taya. Ikichukuliwa kwamba saketi hiyo hula mikroampea 20, na betri ina miliampea-saa 150, mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe kwamba betri itakwisha kwa saa 7,500, yaani kabla ya mwaka kutimia, hata kama hakupima kitu.

Itasemwa kwamba SR44 ni ghali. Ni kweli, na kwa chombo kinachotumika juma moja kabla ya mtihani LR44 yatosha, mradi itolewe shule inapofungwa, kwani betri ya alkali iliyosahauliwa huvuja na kula vyuma vya tundu. Kwa kalipa itumikayo kila juma, bei ya fedha inastahili kulipwa.

Kabla ya kumtuma mtu dukani, mwalimu na asome kijitabu cha chombo, kwa maana ziko kalipa zitumiazo CR2032 ya lithi, yenye volti 3. Herufi na tarakimu hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku, pamoja na tarehe betri ilipotiwa.