UCHAMBUZI: Mizani ya chai yahitaji wanahisabati, si mafundi pekee

MALALAMIKO ya wakulima wadogo wa majani chai katika kaunti za Kericho na Bomet kuhusu kilo zao si ya jana wala juzi. Enzi za mizani ya mshale, lawama zote zilimwangukia karani wa kituo cha kununulia majani. Tangu shirika la KTDA lilipoleta mizani ya dijitali, hesabu imehamia ndani ya programu za tarakilishi ambazo mkulima hazioni, na karani mwenyewe hazielewi. Malipo ya kila mwezi hutegemea hesabu hiyo, na bonasi ya mwaka vilevile.

Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: nani amethibitisha kwamba programu hizo hazikosei zinapofanya kazi kwa wakati mmoja?

Chukulia mkulima mwenye kilo 120 katika akaunti yake. Wachumaji wake wawili wanapeleka majani katika vituo viwili, na taarifa zinafika kiwandani sekunde ileile. Programu ya kwanza inasoma 120, na ya pili pia inasoma 120. Ya kwanza inajumlisha kilo 18 na kuandika 138. Ya pili inajumlisha 25 na kuandika 145 juu yake. Jumla halali ni 163. Kilo 18 zimetoweka, na hakuna mtu aliyeiba.

Kasoro ya aina hii haikamatwi kwa majaribio ya kawaida. Programu mbili zenye hatua kumi kila moja zaweza kupishana kwa njia 184,756. Ikiongezwa ya tatu, njia hizo hupita trilioni tano. Fundi atajaribu mara elfu moja, aone kila kitu ni shwari, kisha hitilafu izuke msimu wa mvua majani yanapofurika vituoni.

Marekani ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Mnamo Agosti 14, 2003, umeme ulipowapotea takriban watu milioni 50 nchini humo na Canada, mfumo wa tahadhari wa kampuni moja ya Ohio ulikuwa umenyamaza kwa sababu ya mgongano wa programu wa namna hii. Wataalamu walichukua majuma kadhaa kuugundua.

Dawa ipo. Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis walitunukiwa Tuzo ya Turing ya 2007 kwa mbinu inayoifanya tarakilishi ikague hali zote ambazo mfumo waweza kuzifikia, badala ya kubahatisha chache. Kampuni ya Amazon imetumia TLA+, lugha ya hisabati iliyobuniwa na Leslie Lamport, tangu 2011 kukagua mifumo yake, na kasoro zilizojificha zikafichuliwa.

Hii ni kazi ya utafiti wa shahada ya uzamifu, na haina njia ya mkato. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake 2013, kimezungukwa na mashamba ya chai. Bomet nako kulianzishwa chuo kishiriki cha Moi mwaka wa 2017. Mwanafunzi wa uzamifu katika vyuo hivyo hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfumo wa kuchunguza. Kenya imezoea kutumia mifumo iliyoundwa kwingine: hata M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi 2015.

Hata hivyo, wakulima wasiahidiwe makuu. Uthibitisho wa hisabati hukagua kile kilichoandikwa tu. Karani akikata kilo mbili kwa kisingizio cha gunia au umande kabla ya kubonyeza, programu iliyothibitishwa itauhifadhi uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Wala hautaeleza kwa nini bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa hubaki nyuma ya ile ya mashariki. Hilo ni suala la bei mnadani na usimamizi wa viwanda.

Utakachoweza ni kumwondolea karani lawama isiyo yake, au kuithibitisha. Kwa sasa, mkulima wa Litein au Mogogosiek anayedai kilo zake zimepungua hana njia ya kujua amshtaki nani.