Gunia la Juni kwa Fedha ya Februari

Makanisani mwetu anayehubiriwa kuhusu madeni ni mkopaji. Anaambiwa apange bajeti, aache anasa, alipe anachodaiwa, asiwe mtumwa wa mkopeshaji kama Mithali 22 inavyoonya. Ni mafundisho mema, na nyumba nyingi zingepona kama zingeyashika. Lakini mkulima wa mpunga wa Kakese, katika Manispaa ya Mpanda, akiyasikia mwezi wa pili, tatizo lake linabaki palepale. Huyu hakukopa ili abadilishe simu. Amekopa kwa sababu majaruba yamejaa nyasi, vibarua wanataka ujira wao leo, chakula cha ndani kinakaribia kwisha, na mavuno hayaji mpaka Mei au Juni.

Mkopo wenyewe unafahamika katika vijiji vingi vinavyolima. Mwenye fedha anatoa shilingi sasa, mkulima anarudisha gunia baada ya kuvuna. Neno riba halitajwi kabisa. Kuna daftari la mkopeshaji tu: jina, idadi ya magunia, na pengine alama ya dole gumba. Tuchukue mfano. Februari mkulima anapokea shilingi 40,000 kwa ahadi ya gunia moja. Juni gunia hilo linauzwa 70,000. Amelipa 30,000 zaidi kwa miezi minne, yaani asilimia 75 ya alichochukua. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa miezi hiyo minne, nyongeza ingekuwa shilingi 5,600. Na hapo hatujagusa lumbesa. Gunia la deni likishindiliwa mpaka lishonewe kilemba, mkulima anatoa madebe mengine ambayo hayakuandikwa popote.

Kagera wanalijua jambo hili kwenye kahawa, ambako kuuza zao likiwa bado mtini huitwa butura, na Serikali imekuwa ikilipiga vita. Mijini lina ndugu yake, mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitungwa kudhibiti ukopeshaji wa namna hiyo, na Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila kibali. Hatua hizo nazipongeza. Ila mkono wa Benki Kuu haulifikii kwa urahisi daftari la jirani anayekopesha sebuleni kwake. Jumapili jirani huyo anakaa benchi moja na mdeni wake. Hapo mwenye uwezo wa kufika ni kanisa, na ndipo lilipo kimya.

Ukimya huo haukutoka kwenye Biblia. Nehemia sura ya 5 inasimulia watu waliopiga kelele kwa sababu ya njaa: wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, wengine watoto wao wameingia utumwani. Nehemia hakuwaandalia semina ya bajeti wale waliokuwa wakilia. Aliwaita wakubwa waliokopesha, akawakemea mbele ya mkutano, akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wamekopesha fedha na nafaka, kisha akadai mashamba na riba virudishwe siku hiyohiyo. Kutoka 22 inakataza kumtoza maskini riba. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni sawa na kuchukua uhai wa mtu. Kwa Kakese jiwe hilo ni plau ya kukokotwa na ng'ombe. Anayeibeba plau ya mdeni wake mwezi wa kumi na moja amemwondolea hata uwezo wa kulilipa deni lenyewe.

Mkopeshaji ana hoja yake, na haifai kupuuzwa. Mvua inaweza kukatika, mto ukafurika, mdeni akahama usiku. Benki inataka dhamana ambayo mkulima hana. Asipokopesha yeye, nani atakopesha? Wapo pia wanaokimbilia mfano wa talanta, ambako bwana anamlaumu mtumwa kwa kutoiweka fedha yake mahali pa kuzalisha faida. Nadhani Jean Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa, aliliona vizuri jambo hili katika barua yake ya 1545. Alikubali faida kati ya mwenye mtaji na mfanyabiashara anayekwenda kuuzalisha, lakini akakataa kumkamua maskini aliyekopa kwa shida. Fedha za vibarua wa palizi zina sura zote mbili, ni biashara na ni chakula. Kwa hiyo mkopeshaji kurudishiwa mtaji wake na ziada ya kiasi ni haki. Asilimia 75 haina utetezi, hata kama mkulima alikubali kwa hiari, maana hiari ya mwenye njaa ni ndogo sana.

Mkopaji naye hawezi kujificha nyuma ya hoja hii. Zaburi 37 inamweka asiyelipa upande wa waovu, na uchungu wa deni la siri unaonekana majumbani. Mke anachukua kausha damu bila mume kujua, mume anaahidi magunia matano bila mke kujua, na siku ya kuvuna wadai wanakutana shambani. Mume na mke waliofungishwa ndoa madhabahuni wanapaswa kukaa na karatasi moja mezani kabla ya mbegu kuingia ardhini: magunia ya chakula hayakopewi, haya ya ada, haya ya kuuza. Na harusi isigharimiwe kwa mpunga wa mwakani. Wahenga walishaonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Kuna jambo la tatu, nalo linawahusu viongozi wa kanisa wenyewe. Michango ya ujenzi ikipangwa Januari au Februari, muumini mwenye aibu atakwenda kukopa ili jina lake lisomwe. Yesu, katika Marko 7, aliwakemea waliotangaza mali kuwa ya Mungu huku wazazi wao wakikosa msaada. Sadaka iliyotokana na gunia la mkopo imetolewa kinywani mwa watoto. Kalenda ya michango ifuate kalenda ya mavuno. Halihitaji sinodi jambo hilo, linahitaji kikao kimoja cha wazee wa kanisa.

Mfano wa kuigwa upo, tena ulianza na njaa kama yetu. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mprotestanti aliyekuwa meya wa Weyerbusch huko Ujerumani, aliwakusanya wenye uwezo katika njaa ya 1846 na 1847 ili maskini wapate chakula kwa mkopo wa kulipwa baadaye. Baadaye aligundua kwamba huruma ya matajiri haidumu, na 1864 akaanzisha Heddesdorf chama ambacho wakulima wenyewe walidhaminiana. Vyama vingi vya akiba na mikopo duniani vinafuata nyayo hizo. Sisi tunavyo vikoba: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinahesabiwa mbele ya wote. Kinachokosekana ni kuunganisha sanduku na msimu. Kikundi cha jumuiya kinunue hisa Juni na Julai wakati fedha ipo, kisajiliwe halmashauri kama sheria inavyotaka, na kikopeshe Desemba hadi Machi kwa palizi na chakula. Kikipata na stoo, wanachama wataacha kuuza mpunga wote wiki ile ya mavuno, bei ikiwa chini.

Jimbo Katoliki la Mpanda lina parokia, Wamoravian wana shirika zao, Wasabato na Wapentekoste wana makanisa yao, na wote wana waumini wanaodaiwa na waumini wanaodai. Ombi langu ni kwa hawa wa pili. Fungua daftari lako kabla ya mavuno yajayo. Yule uliyempa 40,000 mchukulie 40,000 yako na ziada ambayo ungethubutu kuitaja mbele ya mkutano wa Nehemia, na mpunga unaobaki umwachie.