Nyanda za Juu Kusini: Mimba Zinatolewa, Serikali Inakemea Tu

Makamanda, leo tuongee jambo ambalo huko mtaani huwa linanong'onwa tu.

Watafiti, wakiwemo wa NIMR na Muhimbili, walikadiria kuwa mwaka 2013 pekee mimba 405,000 zilitolewa nchini. Hiyo ni mimba 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Iringa na majirani zetu, zilikuwa 47. Kanda ya Ziwa tu ndiyo ilituzidi.

Sasa jiulize. Kanuni ya Adhabu ni ileile Bara nzima: mwanamke anayejitoa mimba hadi miaka 7 jela, anayemtoa hadi miaka 14. Kama kifungo ndiyo dawa, mbona kanda moja inaizidi nyingine? Jela ni moja, ila maisha hayafanani.

Angalia binti wa Kilolo au Mufindi anayepanda basi kwenda Dar kuwa dada wa kazi. Amri ya mishahara ya 2013 ilisema anayelala kwa mwajiri alipwe angalau shilingi 40,000 kwa mwezi. Ya 2022 ikapandisha hadi 60,000. Na wangapi wanaipata hata hiyo? Siku tumbo likionekana, anaambiwa afungashe. Arudi kijijini na nini, na kwa nani? Au mwanachuo wa Mbeya aliyepanga geto, boom limechelewa, jamaa mwenyewe anaendesha bodaboda ya mkataba na hesabu ya tajiri haijatimia. (Na sisi wanaume tusijifanye hatupo kwenye hii stori.) Hawa hawakai kujadili falsafa. Wanapiga hesabu ya kodi, chakula na ada, kisha wanatafuta dawa uchochoroni.

Halafu sera. Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kuwa mwanafunzi akipata mimba, asirudi shule. Ukimwambia binti wa kidato cha tatu Rungwe kwamba akionekana na tumbo elimu yake imeishia hapo, umemwambia nini hasa? Umemwambia aifiche, na njia ya kuificha anaijua. Septemba 2018, kule Meatu, Rais huyohuyo akawataka wanawake waache uzazi wa mpango, na mwezi huohuo wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango. Yaani unazuia kinga, unafukuza mwenye mimba, kisha unamfunga aliyeitoa!

Januari 2020 Zitto Kabwe alipoiandikia Benki ya Dunia isimamishe mkopo wa elimu wa dola milioni 500, aliitwa msaliti. Novemba 2021 serikali ileile ya CCM ikaruhusu mabinti warudi shule. Hatujasikia aliyeomba radhi kwa miaka minne iliyopotea.

Tunajua wapo makamanda wenzetu wanaopinga utoaji mimba kwa imani yao, Wakristo na Waislamu. Tunawaheshimu, na hatuwaombi wabadili imani. Lakini kama kweli unataka mimba chache zaidi zitolewe, basi njia zako na zetu ni zilezile: binti abaki shule, dada wa kazi alindwe na alipwe, na zahanati iwe na dawa za uzazi wa mpango. Na anayefika hospitali akivuja damu atibiwe kwanza. Wengi wanachelewa kwa kuogopa polisi, na hapo ndipo wanapokufa.

Hilo la zahanati ni la haraka. Kwa miaka mingi tumewaachia wafadhili mzigo huu, na Januari 2025 Marekani ilipofunga bomba la misaada tukabaki tunashangaa. Kwa hiyo baraza la madiwani likikaa, iwe Mbarali, Rungwe, Kilolo au Mufindi, nendeni mkakae pale kwenye viti vya wananchi. Ulizeni swali moja tu: kwenye bajeti ya mwaka huu, halmashauri imetenga shilingi ngapi za mapato yake ya ndani kwa uzazi wa mpango? Jibu mtakalopewa litumeni hapa, tutaliweka kama lilivyo, na jina la halmashauri.