Kimeng'enya Nacho Humeng'enywa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yawafaa wanaonunua vidonge vya vimeng'enya, ambavyo husifiwa kuwa vikimezwa huingia katika damu vikiwa vizima, vikausafisha mwili na kuondoa maradhi. Je, sifa hizo ni za kweli?

Jibu limo katika neno lenyewe. Kumeng'enya ni kuvunjavunja chakula hata kiweze kufyonzwa na mwili. Takriban vimeng'enya vyote ni protini, kama ilivyo protini ya nyama au maharagwe. Protini ifikapo tumboni, tindikali huliharibu umbo lake na pepsini huikatakata. Kisha vimeng'enya vya kongosho huimalizia katika utumbo mwembamba. Kinachofyonzwa ni asidi amino. Chembe zinazopenya zikiwa nzima ni haba mno. Kwa hiyo, kimeng'enya kilichomezwa nacho humeng'enywa, hata kiwe cha bei gani.

Mkazi wa Kericho au Bomet hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika viwanda vya chai, majani hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa yapigwe na hewa. Vimeng'enya vya jani hulibadilisha rangi kutoka kijani hadi ya shaba. Hatua hiyo imezoeleka kuitwa uchachushaji, ilhali hamira haihusiki. Rangi ikishakolea, majani hukaushwa kwa hewa ya moto, na kazi ya vimeng'enya hukoma papo hapo. Nguvu ya kimeng'enya imo katika umbo lake. Likishaharibiwa na joto au tindikali, nguvu hiyo hutoweka.

Hata hivyo, si haki kuvilaani vidonge vyote. Laktasi humsaidia asiyeweza kumeng'enya sukari ya maziwa, kwa kuwa kazi yake huifanyia utumboni. Haina haja ya kuingia katika damu. Vilevile, wagonjwa ambao kongosho zao zimedhoofika hupewa na daktari vimeng'enya vilivyofunikwa kwa utando unaostahimili tindikali.

Aidha, kutofyonzwa si sawa na kutodhuru. Mnamo mwaka 1994, madaktari nchini Uingereza waliripoti watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa sistiki fibrosisi ambao utumbo mpana wao ulizibana baada ya kutumia vimeng'enya vya kongosho vyenye nguvu nyingi. Bromelini, itokayo katika nanasi, nayo huhofiwa kuzidisha hatari ya kuvuja damu kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ni busara basi kumwuliza daktari au mfamasia kabla ya kumeza.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji. Habari iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu humnufaishaje mchuma chai asiyeifahamu lugha hiyo? Istilahi zipo: kimeng'enya, kongosho, tindikali. Zikifungiwa katika kamusi na kumbi za mihadhara, mchuuzi ndiye atakayebaki mwalimu wa umma. Zitolewe nje, zifike sokoni na mashambani, ili mchuma chai ajue anachokimeza kabla hajakilipia.