Nguo ya ‘nikipungua nitaivaa’

Katika makabati ya kina mama wengi kuna nguo moja isiyovaliwa wala kugawiwa. Ni gauni la sendofu, au suruali iliyonunuliwa ikiwa inabana, ikawekwa kwa ahadi: nikipungua nitaivaa. Mtoto wa pili anazaliwa, wa tatu anafuata, nguo ipo palepale. Kila kabati likifunguliwa, inamsuta mwenyewe.

Anayeishi na ahadi hiyo mara nyingi huacha kujinunulia nguo nyingine. Dera la nyumbani ndilo hilohilo la sokoni. Kwenye sherehe hukwepa picha au husimama nyuma ya wenzake. Sare ya harusi ikitangazwa, kinachomtia wasiwasi si mchango, bali fundi kutaja vipimo vyake kwa sauti mbele ya wateja.

Si tatizo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Hali hiyo huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo.

Hata hivyo, lengo la afya si lazima lifanane na lengo la gauni. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, presha na sukari huweza kuwa nafuu. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 4.5 hadi 9. Huenda zipu ya gauni la sendofu bado isifunge, lakini mwili umeshafaidika. Anayejipima kwa zipu peke yake atakata tamaa mapema.

Na kupungua hakumalizi kila kitu. Ngozi iliyotanuka kwa miaka inaweza kulegea tumboni, mikononi na mapajani. Wapo wanaopungua sana lakini bado wanachagua nguo pana, kwa sababu kwenye kioo wanaona mwili wa zamani. Mtaani nako maneno hayaishi. Jana aliitwa bonge, leo anaulizwa, “Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?”

Kwa aliye katika safari hiyo, nguo mbili tatu zinazomtosha leo zina faida kuliko kabati zima la ahadi. Sketi ya lastiki kiunoni hufaa mwili unaobadilika. Gauni jipya fundi aliachie nafasi ndani ya mshono, na lililopwaya alipunguze. Kasi salama kwa wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Dawa na chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni zisitumiwe bila ushauri wa daktari. Anayepungua bila kukusudia aende hospitali, maana hiyo inaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine.

Nyumbani, utani wa baba kuhusu kiuno cha mama hauishii kwa mama. Watoto wanausikia. Binti anayemwona mama yake akijiita mbaya mbele ya kioo hujifunza kujikagua vivyo hivyo, na anaweza kuanza kuruka milo akiwa bado shule ya msingi. Mtoto wa kiume naye hujifunza kumcheka mwenzake darasani.

Kwa hiyo, sare ya shule ikimbana mtoto katikati ya mwaka, asiambiwe amenenepa mbele ya ndugu zake. Mwili wake unakua, na huo ndio utaratibu wake. Kama kuna wasiwasi wa uzito, apimwe urefu na kilo kituo cha afya, na chakula kirekebishwe kwa familia nzima, si sahani yake peke yake. Sare ipelekwe kwa fundi.