Una homa? Ulipima nini?



Nina swali, na ujijibu mwenyewe kimoyomoyo. Mara ya mwisho ulipopata homa, kikohozi, mwili kuuma na kichwa kugonga, ulipima? Siulizi kama ulimeza dawa, najua ulimeza. Nauliza kama kuna mtu alikuchoma kidole akatoa damu, au akakuingiza kijiti puani, halafu akakwambia una hiki na huna kile.

Juzi nilikaa na vijana kwenye stendi ya bodaboda hapa Ukunda nikawauliza swali hilo hilo. "Homa tu hii, itapita." Mwengine akasema yake ilikuwa malaria. Umejuaje? "Bana, mimi naijua malaria yangu." Nilipotaja Corona wakacheka wote. "Kwani hiyo bado iko?"

Iko. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Dharura ndiyo iliyokwisha, si ugonjwa. Kirusi bado kinazunguka, kinabadilika, kinapanda na kushuka. Wewe kijana mwenye nguvu zako kitakulaza siku tatu nne uamke uendelee na kazi. Ni sawa, alhamdulillah. Lakini wewe huishi peke yako.

Niwaambie langu. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikuwa na mafua na kikohozi. Si kitu kikubwa. Nikanunua vidonge dukani, nikapanda matatu nikaenda upande wa Msambweni kumuona nyanya yangu. Nyanya alikuwa na sukari na presha ya miaka mingi. Nilikaa naye siku mbili. Tulilala chumba kimoja, dirisha tumelifunga kwa ajili ya mbu, na mimi nakohoa usiku kucha, yeye ananiambia ninywe tangawizi. Nikarudi Ukunda nikiwa nimepata nafuu. Siku ya nne mama akapiga simu: nyanya ana homa. Wakamnunulia dawa ya malaria, maanake kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na hakuna anayethibitisha. Siku tatu baadaye alianza kupumua kwa shida, usiku. Alfajiri wakiwa bado wanatafuta gari, akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alikuwa na nini? Sijui. Inawezekana ilikuwa Corona na ni mimi niliyempelekea. Inawezekana ilikuwa mafua mengine. Inawezekana aliupata kwa jirani na mimi sikuhusika kabisa. Wazee matangani waliniambia siku yake ilikuwa imefika, na hilo naliamini. Lakini siku ilikuwa ya kwake, na kikohozi kilikuwa cha kwangu, na mimi sikupima.

Sasa, nisije nikawalaumu watu wa pwani kama wale wanaosema sisi hatujali au hatujasoma. Mimi nasema watu wetu waliacha kupima kwa sababu wana kumbukumbu nzuri sana.

Rudi nyuma nami. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, na jioni ya kwanza, tarehe 27 Machi, watu waliokuwa wanakimbilia kivuko cha Likoni warudi nyumbani, wengi wao wa huku kwetu Kusini, walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Ati ni kwa ajili ya afya yao. Waliambiwa wasikaribiane, halafu wakasukumwa walaliane chini. Tarehe 8 Aprili Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, Kwale na Kilifi mpaka tarehe 7 Juni, Mombasa mpaka tarehe 7 Julai. Hoteli za Diani zilikuwa zimeshafunga milango. Wapishi, walinzi, wauza vinyago ufuoni, wote nyumbani.

Na kupima je? Aliyepimwa akakutwa nacho alichukuliwa. Karantini ikawa kama rumande, tena rumande ya kulipia. Watu walizuiliwa zaidi ya siku 14 walizoambiwa, wakadaiwa pesa ya kila siku waliyolala. Serikali yenyewe ilisema atakayevunja kafyu atapelekwa karantini. Fikiria: sehemu ya wagonjwa ikageuzwa kuwa adhabu ya wakosaji. Ndiyo maana Mei 2020, Mji wa Kale Mombasa ulipofungwa na watu wakaitwa wajitokeze kupimwa bure, wengi walikaa ndani. Viongozi wakawaita wakaidi. Kwa nini mtu atoke apimwe kama malipo yake ni kuchukuliwa usiku na gari lenye king'ora, majirani wakichungulia madirishani, na akifa azikwe na watu waliovaa kama wanarusha dawa shambani, wanawe wamesimama mbali?

Ugonjwa wenyewe haukungoja watu wajitokeze. Watafiti wa KEMRI na Wellcome kule Kilifi, ambao maabara yao ndiyo iliyokuwa ikipima sampuli za kaunti za pwani, walichunguza damu ya watu 3,098 waliojitolea damu kote nchini kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walikadiria kwamba watu 4.3 katika kila 100 walikuwa wameshaambukizwa. Mombasa walikuwa 8 katika kila 100. Hesabu rasmi ya visa nchi nzima wakati huo haikuwa imefika 5,000. Yaani ugonjwa ulikuwa umeshatutembelea majumbani, umekunywa chai, umeondoka, na daftari la serikali halina habari.

Halafu Agosti 2020 ndege za nje zikaruhusiwa tena, na mgeni akaja Diani na cheti chake cha kupimwa kwao. Nasi tukaja kujua kipimo kwa sura ya pili: kitu cha kusafiria. Ulikwenda Dubai au Doha kutafuta kazi, ulilipa maelfu, ukapewa karatasi. Yule anayekutandikia kitanda hotelini, mwenye kifua kinachobana na watoto wanne nyumbani, hakuna aliyemuuliza. Kwa hivyo kwa mtu wa kawaida wa Kwale, kipimo kilikuwa ama cha kukamatia, ama cha tajiri kupandia ndege. Cha kutibia hakukiona. Mtu kama huyo ukimwambia leo "nenda kapime," anakuangalia hivi.

Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga mambo yalikuwa kinyume, na matokeo yakafanana. Tanzania ilitoa hesabu mwaka 2020 mpaka wagonjwa 509, ikanyamaza. Rais Magufuli akasema papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na Corona, kwa hivyo vipimo si vya kuaminika. Madereva wa malori wakaendelea kuja mpakani, wakipimwa upande wetu wengine wanakutwa nacho. Huku ulipimwa ukafungiwa, kule hukupimwa kabisa. Huku na kule, watu wa Vanga na watu wa Tanga, ambao ni ndugu, walibaki hawajui kinachowaua wazee wao.

Kuna mtu mmoja namkumbuka katika habari hiyo. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, mzee wa miaka 77. Mwisho wa Januari 2021, wakati serikali nzima inasema Corona haipo, chama chake kikatangaza wazi kwamba yeye na mkewe wamepimwa na wanayo. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari. Yawe yawayo maoni yako juu ya siasa zake, yule mzee alikataa kuumwa kwa siri. Waliokuwa wamekaa naye walipata kujua la kufanya. Nyanya yangu hakupata hiyo.

Najua kuna ndugu atasema, "Sheikh, tawakkul." Sawa. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akaambiwa kuna tauni huko, alishauriana na watu kisha akageuza msafara. Alifanya hivyo baada ya kupata habari. Na sisi habari ya miili yetu tunaitoa wapi?

Tuache Corona kidogo, maanake tatizo ni kubwa kuliko hiyo. Pwani hii ina malaria, kweli. Ina pia dengi, iliyoshika Mombasa 2013 ikarudi tena baadaye. Ina chikungunya, iliyolaza watu Mombasa mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, mtu hawezi hata kufunga kifungo cha shati. (Jina hilo si la Kizungu. Ni la Kimakonde, la mtu anayejikunja kwa maumivu, kutoka mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanzania. Wamakonde hawa hawa ambao ndugu zao wa hapa Kwale walitembea kwa miguu kudai vitambulisho 2016, wakavipata.) Yote hayo yanaanza kwa homa na kuuma mwili. Corona nayo hivyo hivyo. Jichoni huwezi kuyatofautisha, wewe wala mwenye duka la dawa. Dawa ya malaria haifanyi chochote kwa dengi wala kwa Corona. Unakunywa, unasubiri, siku zinakwenda, na kwa mzee mwenye sukari ni hizo siku ndizo zinazomuua.

Utaratibu wa kupima malaria kabla ya kutoa dawa si mpya. Shirika la Afya Duniani limesema hivyo tangu 2010. Kile kipimo cha tone la damu kinatoa jibu kama ndani ya dakika 20. Ukipimwa huna malaria, ndipo swali linapoanza: basi ni nini? Na hapo kwetu ndipo swali linapokufa. Unaambiwa "una homa kidogo," unapewa antibayotiki, kwaheri.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Nikipata homa, kwanza napima malaria, simezi dawa yake kwa kukisia. Kama nakohoa, naulizia kipimo cha Corona cha haraka, kile cha kijiti puani. Kikionyesha sina lakini bado naumwa, siamini mara moja. Kipimo hicho kinaweza kukosea siku za mwanzo, ni bora kurudia baada ya siku mbili. Na kama sipati kipimo popote, jambo la kawaida hapa kwetu, nafanya kama ninacho: siendi kwa mzee, siendi kumuona mtoto mchanga, nikilazimika kutoka navaa barakoa, hata wakinicheka. Msikitini nitaswali nyumbani siku hizo. Nyanya wa mtu yuko safu ya nyuma.

Na mzee wako akiwa na homa na pumzi zinakwenda haraka, usinunue dawa dukani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uombe awekewe kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Nisingengoja siku tatu tena.

Lakini sitaki tuishie kwa wewe na mimi kunawa mikono. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na mgonjwa wa dharura haruhusiwi kunyimwa matibabu. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari zako za kiafya ni siri yako. Kwa hivyo kipimo cha kukamatia hatukitaki, na kipimo cha kutibia tunakidai. Hospitali na dispensari ziko chini ya kaunti tangu 2013. Kila mwaka kaunti inaita watu watoe maoni juu ya bajeti, na kila mwaka kwenye viti vile naona wazee wale wale na vijana wawili watatu. Tunaongea barabara, tunaongea basari. Sijawahi kusikia mtu akisimama kuuliza, dispensari ya Mwabungo ina vipimo gani, na vinaisha mwezi gani.

Ninataka tuulize mwaka huu. Kabla ya hapo tunahitaji kujua hali ilivyo, na nyinyi mko kila mahali, Tiwi, Gazi, Shimoni, Kinango, Lunga Lunga. Wiki hii pita kwenye dispensari ya kwenu, salimia vizuri, usiende na kamera wala ubishi, wale wahudumu wanafanya kazi katika hali ngumu. Uliza mambo matatu: kipimo cha malaria kipo leo? Cha Corona kipo? Mtu akiwa na homa na hana malaria, mnamfanyia nini? Andika majibu hapa chini na jina la mahali.

Mimi nitaanza na ya karibu na nyumbani kwa nyanya. Nilitaka kwenda leo, lakini tangu jana koo linanikwaruza. Nimempigia mama simu nikamwambia wasinitarajie mpaka wiki ijayo.